Kinyago cha Tutankhamun hakijatoka Misri tangu 1981

Mwaka juzi binamu yangu aliyeko Ulaya alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ametoka kumwona Farao! Kiingilio kilikuwa bei ya jozi ya viatu, lakini hajutii. Akatuma na picha: amesimama hatua moja kutoka kwenye kinyago cha dhahabu, hakuna kioo, hakuna mlinzi. Nikamuuliza swali moja tu: walikuachaje usogee hivyo? Akakaa kimya hadi kesho yake.

Simcheki. Hazina za makaburi ya wafalme wa Misri zimezungukwa na maneno mengi, na mengine yanatoka kwa walewale wanaouza tiketi.

“Nimekiona kwa macho yangu”

Kinyago halisi cha Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, kilichofunika uso wa maiti yake, kina urefu wa sentimita 54 na uzito unaozidi kidogo kilo 10. (Wengine wanakiita barakoa, ila tangu Uviko neno hilo linanipeleka hospitali.) Kuna wakati kweli kilisafiri. Mwaka 1965 kilikuwa Japani, 1967 Paris, na 1972 London, ambako watu zaidi ya milioni 1.6 walipanga foleni kuviona vitu 50 tu. Kikaenda Marekani kati ya 1976 na 1979, kisha Ujerumani. Mwaka 1981 kilirudi nyumbani na hakijatoka tena. Kwa hiyo aliyekiona nje ya Misri baada ya hapo ameona nakala.

Au ameona kitu kingine kabisa. Mabango ya ziara iliyoanza 2005 yalijaa uso wa dhahabu wenye macho meusi, na watu wengi waliingia wakitafuta kinyago. Walichokikuta ni kijeneza cha sentimita 39 hivi, kimoja kati ya vinne vilivyotunza viungo vya ndani vya mfalme: ini, mapafu, tumbo na utumbo. Ni kazi ya ajabu, na ilikuwa halisi. Lakini mtu akishapigiwa picha ya kitu mpaka kikalingana na ghorofa, halafu akakuta kinatosha kwenye mkoba, haki yake kununa. Uso wa namna hiyohiyo ulirudi kwenye mabango ya Paris mwaka 2019, na wageni zaidi ya milioni 1.4 walikwenda.

Siku hizi kinyago kiko Giza, kwenye Makumbusho Makuu ya Misri yaliyofunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025. Umma uliruhusiwa kuingia tarehe 4, siku ileile ambayo mwaka 1922 wafanyakazi wa Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza, waligundua ngazi ya kwanza ya kaburi. Humo vitu zaidi ya 5,000 vya kaburi hilo vimewekwa pamoja kwa mara ya kwanza. Mwenyewe hayumo: makumbusho yalipofunguliwa, mwili wa mfalme ulikuwa bado Luxor, kusini mwa Misri, ndani ya kaburi lake, kwenye sanduku la kioo ambamo umelazwa tangu 2007.

“Nakala ni utapeli”

Hapa binamu yangu alihamia upande wa pili kwa hasira: basi nimeibiwa. Sivyo. Utapeli ni kutokuambiwa. Nakala yenyewe ni jambo la zamani kuliko umeme. Mwaka 1821 Giovanni Belzoni, mvumbuzi wa Kiitaliano, aliwaonyesha watu wa London nakala ya vyumba vya kaburi la Farao Seti I alilolifungua miaka minne kabla, na kuta zake zilitokana na chapa alizozichukua kule kaburini. Mwaka 1924, Carter akiwa bado hajamfikia mfalme ndani ya majeneza, maonyesho ya Wembley, London, tayari yalikuwa na nakala za hazina zake. Carter alikasirika.

Nakala ninayoiheshimu kuliko zote iko Luxor, ng'ambo ya magharibi ya Nile, jirani na nyumba aliyoishi Carter. Mafundi wa Factum Foundation ya Madrid walipima kuta za chumba cha maziko kwa mashine za leza mwaka 2009, wakatengeneza chumba kizima, na tangu 2014 mgeni anaingia. Wamenakili michoro, mikwaruzo, hata yale madoa ya hudhurungi yaliyotapakaa ukutani kama ukungu wa nyumba za pwani.

Kisha wamefanya ambalo kaburi lenyewe haliwezi. Ili kupitisha vipande vikubwa, Carter alibomoa ukuta wa kusini wenye picha, na sehemu hiyo haipo tena mahali pake. Imebaki kwenye picha za Harry Burton, mpiga picha wa msafara. Kwa kutumia picha hizo mafundi waliirudisha kwenye nakala, ikawekwa karibu na chumba. Yaani kuna kipande cha kaburi la Tutankhamun ambacho leo utakiona kwenye nakala, na kwenye kaburi halisi hutakiona.

Madoa nayo yana uzushi wake, kwamba yameletwa na pumzi za watalii. Wataalamu wa Getty, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, waliolihudumia kaburi kwa karibu muongo mmoja hadi 2019, waliyalinganisha na picha za miaka ya 1920. Hayajaongezeka. Vijidudu vilivyoyasababisha vilishakufa. Kinachosumbua kutokana na wageni ni vumbi, unyevu na joto, na ndiyo maana kaburi liliwekewa mfumo mpya wa hewa.

“Ziara ya mtandaoni ni video tu, tena inataka miwani ya bei mbaya”

Inataka simu na bando. Aprili 2020, watu wamefungiwa majumbani, serikali ya Misri ilifungua ziara kadhaa mtandaoni, na ya kwanza ilikuwa kaburi la Meresankh III, malkia wa Giza na mjukuu wa Khufu aliyejenga piramidi kubwa. Hiyo si video. Hakuna anayekuvuta, unagusa duara sakafuni, unasogea, unageuka. Ukifika chumba cha kaskazini, ukuta wa mbali una wanawake kumi waliochongwa kwenye mwamba wenyewe, wamesimama bega kwa bega kama wanaosubiri kupigwa picha ya harusi. Nimekaa mbele yao robo saa, nimelala kitandani. Kule Giza nisingepewa robo saa.

Tusidanganyane upande huo pia. Simu haikupi joto, wala harufu, wala ule mwinamo wa kichwa unapopita mlango mfupi. Rangi inategemea kioo chako. Na kipimo kinapotea: kitu cha shubiri moja na kitu cha mita mbili vinajaa skrini sawasawa, kosa lilelile la mabango ya 2005.

Lakini vipimo hivi vya kidijitali vimewahi kuitikisa dunia. Mtaalamu wa Misri ya kale Nicholas Reeves, akichungulia picha za leza za Factum kwenye kompyuta, aliona mistari kwenye plasta na mwaka 2015 akadai kuna milango iliyozibwa, pengine Malkia Nefertiti yuko nyuma. Vichwa vya habari viliwaka. Mwaka 2018 timu ya Politecnico di Torino, chuo kikuu cha Italia, ilipima kwa rada na kuhitimisha hakuna vyumba. Bado kuna kurasa zinazowauzia watu “chumba cha siri” kana kwamba rada haikupita.

Mimi nikiwa na bando dogo siendi hata kwenye ziara. Naenda kwenye kumbukumbu za Griffith Institute ya Oxford, ambazo ni bure: kadi za Carter, shajara, picha za Burton. Unaona mwandiko wake na vibao vidogo vya namba vilivyowekwa kando ya kila kitu kabla hakijaguswa. Kinyago ni 256a. Picha zile ni nyeusi na nyeupe. Ukiona za rangi zikisambaa, mara nyingi rangi imetiwa na kompyuta miongo mingi baadaye.

Mengine ya haraka

Wanasema kaburi halikuwahi kuguswa. Wezi waliingia angalau mara mbili zama hizohizo za kale, milango ikazibwa upya. Wanasema ni kasri la chini ya ardhi; eneo lake lote ni kama mita za mraba 110, na chumba chenye michoro ni kimoja tu. Maonyesho ya taa na makuta marefu yanakufanya udhani ni uwanja wa mpira.

Laana inayodaiwa kuwaua waliolifungua kaburi? Lord Carnarvon, mfadhili wa kazi, alifariki Aprili 1923 baada ya kujikata kwa wembe pale alipoumwa na mbu na jeraha kuingia sumu. Binti yake Evelyn aliingia kaburini pamoja naye, akaishi hadi 1980. Carter alikufa 1939 akiwa na miaka 64. Sisi wa Afrika Mashariki tusiwacheke sana Wazungu: mzizi wa neno mumia, yaani maiti iliyokaushwa, ndio uliotupa mumiani, na tunajua hofu gani tulilibebesha.

Na wanasema Tutankhamun ndiye mfalme pekee aliyekutwa na hazina yake. Huko Tanis, kaskazini mwa Misri, mwanaakiolojia Mfaransa Pierre Montet alikuta makaburi ya wafalme kuanzia 1939, miongoni mwao Psusennes I, mwenye kinyago chake cha dhahabu na jeneza la fedha tupu. Vita vilikuwa vimeanza, magazeti hayakuwa na nafasi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dhahabu inameza vingine vyote. Katika hazina ile kuna kiti kidogo, alichokalia mfalme akiwa mtoto, cha mbao nyeusi iliyopambwa kwa pembe za ndovu. Mbao hiyo Wamisri waliiagiza kutoka kusini, na jina waliloiita, ambalo wataalamu huliandika hbny, lilipita kwa Wagiriki na Waarabu hadi likatufikia sisi kama abunusi. Mti wenyewe umetambuliwa: Dalbergia melanoxylon. Mpingo. Haukutoka Lindi, maana unaota hadi Sudani na Ethiopia, lakini ni mti uleule ambao Wamakonde wanachonga.

Nilimwomba binamu aangalie tena picha zake. Kiti kipo, nyuma ya bega lake la kushoto, nusu kimekatwa. Ameikuza ile picha, akaniandikia kuwa pembeni, karibu na mguu, rangi nyeusi imebanduka na chini yake mbao ni nyeupe.