Begi la lenzi ndefu: shika mizani kabla ya futi

"Hili ni la ndani ya ndege, limeandikwa." Msimu wa kiangazi ukianza, sentensi hiyo naisikia karibu kwa kila mpiga picha anayekuja kukodi lenzi kwangu hapa Arusha akielekea Mahale, Udzungwa au Mlima Meru. Wengine huja na begi jipya, lebo ya dukani bado inaning'inia kwenye zipu, na wananionyesha maandishi kwa kidole. Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Lebo ile inataja urefu, upana na kina cha begi, basi. Haisemi lolote kuhusu uzito, wala haijui unapanda ndege ya nani. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, hutaja sentimita 56 kwa 45 kwa 25 kama kipimo cha jumla cha mzigo wa mkononi, lakini kila shirika lina kanuni zake na zake ndizo zinazofuatwa kaunta. Qatar Airways daraja la kawaida wanataka 50 kwa 37 kwa 25, na kilo 7. Maana yake begi lako la sentimita 55 limeshavuka kipimo kabla hujatia hata kitambaa cha kufutia lenzi. Emirates nao ni kilo 7. Turkish Airlines ni 8. KLM wanakupa 12, ila ndani yake umo na ule mkoba mdogo wa kuweka chini ya kiti. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma za tiketi yako, usisome za rafiki yako aliyesafiri mwaka juzi.

Sasa tupime. Chukua seti ambayo wapiga picha wengi wa ndege wa porini na wanyama huitamani: lenzi ya Nikon, Nikkor Z 600mm f/4 TC, gramu 3,260. Kamera ya Z9 pamoja na betri na kadi, gramu 1,340. Z8 ya akiba, 910. Lenzi ya 100-400 pamoja na mguu wake wa kufungia tripodi, 1,435. Jumlisha: kilo 6.9. Hapo hakuna hudi (kile kikinga mwanga cha mbele ya lenzi), hakuna chaja, hakuna kompyuta, na muhimu zaidi, hakuna begi! Mabegi ya kamera yenye fremu na sponji nene, yale yanayoweza kumeza lenzi ya ukubwa huo, mengi yana kati ya kilo 2 na 3 yakiwa matupu. Mteja ananunua begi kwa sababu lina sponji ya kutosha, halafu begi lenyewe linakula theluthi ya uzito alioruhusiwa.

Na hiyo ni ndege kubwa. Ukifika Kisongo, uwanja wa ndege wa hapa Arusha, kupanda ndege ndogo ya Cessna Caravan kwenda mbugani, mashirika mengi ya hapa yanakupa kilo 15 kwa kila kitu: nguo, viatu, sabuni, kamera na begi la mkononi. Tena wanataka mkoba laini, kwa sababu mizigo inasukumwa kwenye nafasi finyu nyuma ya viti au kwenye sanduku lililo chini ya tumbo la ndege. Yule anayekuja na kasha gumu la plastiki ndiye hunisikitisha kuliko wote. Kasha la aina ya Pelican 1510 lina zaidi ya kilo 5 likiwa tupu, na lina magurudumu ambayo kwenye njia ya Mahale hayana kazi. Kule ukishuka kwenye kiwanja unaingia botini, Ziwa Tanganyika hilo, halafu unatembea kwa miguu msituni kwenye miteremko kuwafuata sokwe. Ukihitaji nafasi zaidi ndegeni, muulize wakala mapema kuhusu kulipia kiti cha ziada kwa ajili ya mzigo. Jambo hilo lipo, lakini hulimalizi asubuhi ya safari.

Ushauri wangu ambao wateja wamechoka kuusikia ni huu: nunua mizani ya kuning'iniza, ile ndogo yenye ndoano. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na lenzi. Panga vifaa vyote sakafuni, pima kimoja kimoja, andika gramu kwenye karatasi. Ukishajua jumla, ndipo uanze kufikiria begi. Watu hufanya kinyume. Wananunua begi la lita nyingi, wanalijaza kwa sababu nafasi ipo, halafu wananipigia simu wakiwa uwanjani kuuliza wafanyeje. Kwa saa ile sina la kuwasaidia.

Mizani pia hukufanya uulize swali linalotangulia begi: je, lenzi hii ni ya safari hii? Sokwe wa Mahale hutazamwa kwa kuacha mita 10, umevaa barakoa, chini ya miti yenye giza. 600mm pale ni ndefu mno. Lenzi ya 70-200 yenye f/2.8, inayoingiza mwanga mwingi, itakufaa zaidi na begi lake ni nusu. Kwa ndege wa msituni unaowafuata kwa miguu siku nzima, ile Nikkor 600mm f/6.3 ina gramu 1,470 na mguu wake, urefu sentimita 28 hivi. Mwangaza unaopoteza ni zaidi kidogo ya stopu moja, yaani zaidi kidogo ya nusu. Uzito unaopungua ni karibu kilo 1.8. Wa Canon wana 100-500 ambayo bila mguu ni gramu 1,370. Ukichagua hivi, tatizo la begi linakaribia kwisha lenyewe.

Kama ni lazima ubebe ile kubwa, acha kutafuta begi moja la kazi zote mbili. Hii ndiyo njia ninayowapa watu wangu wote. Tafuta kisanduku cha sponji chenye zipu, kinachoingia na kutoka kwenye begi. Siku ya ndege, kisanduku kikiwa na lenzi na kamera kinakaa kwenye begi jepesi la kitambaa, lisilo na fremu, linalokunjika, na hilo ndilo unaloingia nalo ndani. Begi la mlimani, lenye fremu na mkanda mzuri, linakwenda chini likiwa na nguo na viatu. Ukifika, unalitoa sweta, unatia kisanduku, unapanda. Umeokoa kama kilo 2 za mzigo wa mkononi bila kuacha kifaa hata kimoja. Na siku mhudumu anapokwambia getini kwamba nafasi za juu zimejaa, unavuta kisanduku kwa mpini wake, unabaki nacho mapajani, na kitambaa kitupu ndicho kinachoondoka.

Kutoka hapo naingia kwenye dhana ya pili kwa kunikera.

"Mkanda wa kiunoni nitaufunga nikichoka."

Ukishachoka umechelewa. Mabega hayakuumbwa kubeba kilo 12 kwa saa nne. Fremu ya begi kazi yake ni kuupeleka uzito chini hadi kwenye mifupa ya nyonga, na kinachoupokea ni mkanda. Mkanda usipofungwa, fremu ni chuma cha bure unachotembea nacho. Watu wengi hata wakiufunga wanaufunga tumboni, juu ya kitovu, halafu wanalalamika kwamba unabana pumzi. Unatakiwa ukalie ncha za juu za mifupa ya nyonga, ile unayoigusa ukishika kiuno.

Utaratibu ni huu. Legeza mikanda yote. Vaa begi likiwa na uzito wa kweli ndani, maana begi tupu dukani humtosha kila mtu. Inua mabega, funga mkanda wa kiunoni juu ya mfupa, kaza, kisha shusha mabega. Ndipo ukaze mikanda ya mabegani, kidogo tu, iguse bila kubeba. Halafu vuta vile vikanda vifupi vya juu ya bega vinavyolileta begi karibu na mgongo. Cha kifuani mwisho. Ukiweza kuingiza vidole kati ya mkanda wa bega na bega lako bila kulazimisha, umepatia.

Haya yote hayafanyi kazi kama begi halilingani na mgongo wako. Namaanisha mgongo, kimo cha mwili hakikusaidii hapa. Inamisha kichwa, mwambie mwenzako aguse kile kifupa kinachotokeza chini ya shingo, kisha ashushe futi hadi usawa wa juu ya nyonga. Hicho ndicho kipimo chako, na watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kupishana sentimita kadhaa. Mabegi mengi ya kamera yana mgongo wa saizi moja. Mabegi ya kupandia milima mengi yanarekebishika. Ndiyo maana kwa mtu anayetembea zaidi ya saa moja napendekeza begi la mlimani lenye kisanduku cha sponji ndani, na sipendekezi begi la kamera lenye mkanda mwembamba ulioshonewa juu juu.

Lenzi yenyewe ikae kusimama, kubanana na mgongo, katikati. Ukiiweka mbali na mwili, begi linakuvuta nyuma na utapanda umeinama njia nzima. Nimeona vijana wakimaliza siku ya kwanza ya Meru, ule mpando wa kutoka Momella hadi Miriakamba, wameshika viuno na hawana hamu ya kuitoa kamera, na mbega wako juu ya mti palepale. Tripodi ikikaa ubavu mmoja, maji yakae ubavu wa pili.

Yaliyobaki nayapitia haraka.

"Sponji nene ndiyo usalama." Sponji nene inakula nafasi na uzito. Kinachovunja vifaa ni kitu kucheza ndani ya begi na kugongana na kingine. Sponji ya wastani iliyobana pande zote inatosha. Ukiona lenzi inatikisika ukilitingisha begi, jaza pengo kwa soksi.

"Kamera ikae na lenzi muda wote, niwe tayari." Njiani msituni, sawa, kama begi linafunguka kirahisi. Ndegeni, hapana. Ile 600mm f/4 ina sentimita 43.7, ikifungwa kwenye kamera inakaribia 52, na begi la nje la sentimita 55 ukitoa unene wa sponji halina nafasi hiyo. Zaidi ya hapo, begi likianguka, uzito wote wa lenzi unaelemea pale kwenye pete ya kuungia. Zitenganishe, funika pande zote mbili, hudi igeuzwe. Tena pima unene lenzi ikiwa imevaa hudi iliyogeuzwa, kwa sababu hapo ndipo zipu hukataa.

"Mpagazi atabeba." Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na uheshimu. Halafu wapagazi hutangulia kambini. Ukimpa lenzi asubuhi, utaiona jioni, na mwanga wote mzuri umepita ukiwa na simu. Unachotaka kupigia picha njiani, kibebe mwenyewe.

"Zipu za mbele ndizo rahisi." Rahisi kwako na kwa mwizi wa stendi. Begi linalofunguka upande wa mgongo halifunguliki ukiwa umelivaa. Pia unapolilaza kwenye matope kuchukua lenzi, upande unaogusa mgongo wako unabaki mkavu. Kwa hili sibadilishi msimamo.

"Betri za akiba nimeziweka begi la chini, kuokoa uzito." Hairuhusiwi. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, pamoja na pawabenki, zinakaa ndani ya ndege na wewe, vichwa vyake vimezibwa visigusane na chuma. Hadi wati-saa 100 (kipimo cha nishati ya betri) kila moja, kibali hakihitajiki. Betri ya Z9 ina kama 36, hivyo usiogope. Ila wakikuchukulia begi getini, betri zitoke kwanza. Ziweke kwenye kipochi kimoja juu kabisa, usianze kuchakura mbele ya foleni.

"Begi halipitishi maji, wamesema dukani." Kitambaa labda hakipitishi. Mishono na zipu zinapitisha. Kile kifuniko cha mvua nacho kinaacha wazi upande wa mgongo, na kwenye mvua ya Udzungwa maji hushuka shingoni na kuingia humo humo. Kule hakuna barabara inayopita hifadhini ukakimbilie gari. Tia kisanduku ndani ya mfuko wa turubai laini unaokunjwa mdomo. Usitegemee mfuko wa plastiki wa dukani: Tanzania ilipiga marufuku Juni 1, 2019, Kenya Agosti 2017, na wageni hunyang'anywa uwanjani. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia msitu wenye unyevu, usifungue begi papo hapo. Liache limefungwa kama nusu saa, lenzi ipate joto la nje taratibu, la sivyo kioo kinajaa ukungu na utafuta asubuhi nzima.