"Nimeokoa pesa": hesabu za sikukuu zinazotudanganya

Mfujaji hana siri, hata yeye mwenyewe anajijua. Anayenishangaza mimi ni yule mwenye orodha mkononi, anayezunguka maduka matatu akilinganisha bei na kusubiri punguzo, kisha siku tano baada ya sikukuu anapekua mifuko ya nguo akitafuta nauli. Huyu hakufuja. Alibana matumizi, ila kwa hesabu mbovu. Hali ikiwa ngumu, wengi wetu tumo kwenye kundi lake.

"Kimeshuka nusu bei, kwa hiyo nimeokoa nusu"

Umeokoa iwapo ulishapanga kukinunua kwa bei kamili. Kama haja nacho ilizaliwa ulipoliona bango, hukuokoa kitu. Umetumia hiyo nusu iliyobaki.

Tukiwa nyumbani sote tunalikubali hili, tukifika dukani linatuponyoka. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio moja la ajabu. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona gurudumu likisimama kwenye 10 walikisia kama 25. Walioona 65 walikisia kama 45. Gurudumu na Umoja wa Mataifa wapi na wapi! Lakini namba ya kwanza kuingia kichwani huvuta zote zinazofuata, na ile bei ya zamani iliyokatwa mstari mwekundu kwenye lebo hufanya kazi hiyohiyo.

Tena bei hiyo ya zamani huenda haikudumu hata wiki. Bidhaa hupandishwa bei kimyakimya, kisha "hushushwa" kwa vigelegele. Umoja wa Ulaya uliliona hilo ukaweka kanuni: tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo anatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Pasipo na kanuni ya namna hiyo, jitungie yako. Piga picha lebo za vitu unavyovihitaji mwezi mmoja kabla. Msimu wa ofa ukifika, fungua picha zako kabla hujafungua pochi.

Na bei zinazoishia na 9 je? Tunazicheka, lakini zinatupata. Watafiti wa masoko Eric Anderson na Duncan Simester walichapisha mwaka 2003 matokeo ya jaribio la gauni lilelile lililotangazwa katika katalogi tofauti kwa dola 34, 39 na 44. Lililouzwa zaidi ni la 39, hata kuliko lile la bei ya chini.

"Pakiti kubwa ndiyo nafuu"

Mara nyingi ni kweli, ila si kila mara. Gawanya bei kwa uzito, kikokotoo kimo kwenye simu. Gramu 900 kwa 270 ni 0.30 kwa gramu. Gramu 400 kwa 112 ni 0.28. Hapo pakiti ndogo imeshinda. Na kitakachooza kabla hamjakimaliza ni ghali hata kikiuzwa nusu bei.

"Nikileta zawadi ya bei ndogo wataniona bahili"

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hupotea kwa mapenzi, kwa hiyo hakuna anayethubutu kukukosoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo wala si utajiri. Nadhani tumeugeuza msemo huo kuwa faraja ya asiye nacho, tukasahau kwamba unaweza kuwa kweli tupu. Francis Flynn na Gabrielle Adams walichapisha utafiti mwaka 2009: watoaji waliamini kwamba zawadi ikigharimu zaidi itashukuriwa zaidi, ilhali kwa wapokeaji bei haikuhusiana na shukrani waliyoisikia. Kabla yao, mwaka 1993, mchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa chuo zawadi walizopewa zina thamani gani kwao. Kwa makadirio yake, kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani hupotelea njiani kati ya mtoaji na mpokeaji. Unalipa kumi, mwenzako anapokea saba au tisa.

Dawa yake haihitaji ujanja: uliza. "Unahitaji nini?" ni swali linaloharibu mshtuko kidogo na kuokoa mengi. Familia kubwa nayo inaweza kupiga kura ya majina, kila mtu mzima akamnunulia mmoja tu badala ya kumi. Linalohitajika ni mtu mmoja wa kulianzisha, na mara nyingi wengine walikuwa wakisubiri mtu mwingine aseme hivyo.

"Nitakopa sasa, nitalipa kidogo kidogo"

Chukua 1,000 ya sarafu yoyote, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ukirejesha 30 kila mwezi, mwezi wa kwanza 20 kati ya hizo zinakwenda kwenye riba na 10 tu ndizo zinazopunguza deni. Utamaliza mwezi wa 56, baada ya kutoa takriban 1,664. Sikukuu nne nyingine zitakuwa zimeshapita juu ya deni la hii moja. Ukirejesha 100 kwa mwezi, deni linakwisha katika mwezi wa 12 na riba yote haizidi 130. Kwa hiyo neno "kidogo kidogo", linalosikika kama unyenyekevu, ndilo lenye gharama.

Kadi nayo, hata isiyo na riba, inapunguza uchungu wa kutoa. Drazen Prelec na Duncan Simester waliripoti mwaka 2001 mnada wa tiketi za mpira wa kikapu ambamo walioambiwa watalipa kwa kadi walifika karibu mara mbili ya dau la walioambiwa watalipa taslimu. Anayetenga noti kwenye bahasha na kuacha kadi nyumbani haonekani wa kisasa, lakini anaiona bahasha ikikonda.

"Kuletewa ni bure nikiongeza kitu kimoja"

Ukiongeza cha 20 ili ukwepe nauli ya 8, umelipa 12 zaidi kwa kitu ambacho dakika mbili zilizopita hukukikumbuka. Kiache kwenye kikapu cha mtandaoni hadi kesho. Vingi ukiviangalia asubuhi unashangaa nani aliviweka humo.

"Mwaka huu sikukuu imenishtukiza"

Krismasi haijawahi kuhamisha tarehe, na Idi inajulikana itaangukia karibu na lini. Ile 1,000 ya kukopa ni 84 kwa mwezi ukianza kuweka akiba mwaka mmoja kabla. Ukiwa umechelewa, bado yapo maongezi: waambie watoto na ndugu mapema kwamba safari hii kutakuwa na kiasi hiki, tukitumieje? Watoto hasa hupenda kuulizwa, na mara nyingi wanachochagua si kile ulichokuwa ukikiogopa. Wangu walitaka kulala sebuleni wote pamoja.