Ukuta wa zege na foma badala ya mbao: maliza kufikiria kabla ya kumwaga

Wengi wanaoniuliza kuhusu hizi kuta za zege zenye foma swali la kwanza ni bei, la pili eti ni kweli haziingizi joto wala baridi, na mimi nawarudisha nyuma kwanza, nawauliza umeshajua madirisha yako yanakaa wapi? Manake hapo ndo tofauti na nyumba ya mbao inapoanzia. Mbao inakusamehe, ukibadili mawazo fundi anakata, anaongeza kipande, kazi inaendelea. Zege likishashika ni msumeno wa almasi na vumbi nyumba nzima, na pengine umekata nondo iliyokuwa imebeba kitu.

Mfumo wenyewe si mgumu. Kawaida unafunga boksi la mbao, unamwaga, halafu unafumua, hapa boksi ni bloku za foma, ile polistaireni nyeupe wanayofungia tivii kwenye katoni, na haifumuliwi. Bloku moja ina urefu wa kama mita 1.2 na kimo cha sentimita 40, pande mbili za foma za sentimita 6 hivi kila moja, zimeshikwa na vishikio vya plastiki, katikati uwazi ambao kwa nyumba ya kawaida mara nyingi ni sentimita 15. Unapanga kozi kwa kozi, nondo za kulala zinakaa kwenye meno ya vishikio, za kusimama unazishusha toka juu. Wala si kitu kipya, Mkanada Werner Gregori aliomba hataza ya bloku za namna hii mwaka 1966.

Kinachoishinda fremu ya mbao ni kwamba foma haina pengo. Kwenye mbao unajaza pamba kati ya nguzo lakini kila sentimita 40 au 60 kuna nguzo, na joto linapita kwenye hizo nguzo, bado upenyo wa hewa kwenye maungio. Ila wauzaji wanapenda kusema zege lenyewe linatunza joto la mchana na kuliachia usiku, hapo mi napunguza, kwa sababu zege hilo limetengwa na chumba kwa foma ya ndani, haliongei na hewa ya chumbani kiasi hicho. Kazi kubwa inafanywa na foma na kuziba hewa. Zege linakupa uimara wa upepo, ukimya, na kutoungua.

Sasa siku ya kumwaga. Zege bichi lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo, ukilirundika mita 3 kwa mkupuo, chini pale ni msukumo wa zaidi ya tani 7 kwa mita ya mraba unaogombana na foma na plastiki. Ndo maana tunazunguka nyumba nzima kwa tabaka la kama mita moja, tukirudi pale tulipoanzia zege limeanza kujishika kidogo, tunapanda tena. Kokoto ziwe ndogo, zege liwe laini linalotiririka bila kuongezewa maji kiholela pale saiti, na vibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishuke na kujaa, iwe ya kichwa chembamba, zamisha haraka, vuta polepole, usiiache imekaa sehemu moja. Sehemu za kukaziwa macho ni kona na bloku zilizokatwa, hasa pale kishikio kilipokatika. Foma ikianza kutuna au kulia kri-kri, pampu isimame, gonga kipande cha plaiwudi kwa skrubu, weka mwega, mengine baadaye. Chini ya dirisha mi naacha tundu kwenye fremu ya chini, ni pa kumwagia na pa kuchungulia pia, maana zege linapenda kubakiza uwazi pale na foma inakuficha, hutajua.

Na likiwa bado bichi mtu mmoja anatembea na uzi na timazi akikaza au kulegeza mirunda inayoegemeza ukuta upande mmoja. Ukuta uliopinda unanyooshwa saa hiyohiyo.

Mabomba yanayotoboa ukuta unawekea vipande vya paipu kabla ya kumwaga, ya maji machafu yale makubwa yapitishe kuta za ndani, usiyalazimishe humu. Waya hazina shida, unachora njia kwenye foma kwa kisu cha moto baada ya zege kushika.

Foma haiachwi wazi. Ndani lazima ifunikwe na jipsamu au plasta kwa ajili ya moto, nje jua linaila inakuwa unga wa njano, na chini ya ardhi mchwa hawali foma ila wanachimba njia ndani yake kwa raha zao bila wewe kuwaona, kwa hiyo kama eneo lako lina mchwa weka kizuizi kuanzia msingi.

Halafu hewa. Nyumba hii haivuji hewa, unyevu wa kupika, kuoga na wa zege lenyewe linaloendelea kukauka unabaki ndani, kwa hiyo feni ya kubadilisha hewa iingie kwenye ramani toka mwanzo, na tundu lake nalo liwekewe paipu kabla pampu haijafika.