Uchunguzi na uthibitisho katika magonjwa ya mlango wa kizazi

Mwanamke akiambiwa majibu ya kipimo chake cha mlango wa kizazi ni chanya, mara nyingi husikia neno moja tu: saratani. Sivyo. Vipimo vya eneo hili viko vya aina mbili. Uchunguzi wa awali hufanyiwa mwanamke asiye na dalili yoyote, na lengo ni kujua kama anahitaji kuangaliwa zaidi. Uthibitisho humhusu aliyekwisha kuonekana na tatizo, au mwenye dalili, na hapo ndipo hujulikana ana nini hasa.

Kwenye uchunguzi, kipimo cha Pap ndicho kikongwe. Kimepata jina kwa George Papanicolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyekieneza akiwa Marekani miaka ya 1940. Seli hukwanguliwa kwenye mlango wa kizazi na kusomwa kwa hadubini. Kinategemea sampuli nzuri na jicho la msomaji, kwa hiyo kikifanywa mara moja hukosa wagonjwa wasio wachache. Nguvu yake imo katika kurudiwa.

Njia ya pili ni kupaka siki, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, na kusubiri kama dakika moja. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Majibu hutoka papo hapo, ila uvimbe wa kawaida nao huleta weupe. Baada ya hedhi kukoma, eneo linalotakiwa kutazamwa hurudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, na njia hii hupungukiwa sana.

Kipimo cha HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hutafuta virusi vyenyewe, si seli zilizoharibika. Aina ya 16 na ya 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Kwa kuwa hakikosi wagonjwa wengi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kiwe cha kwanza: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, kwa wanaoishi na VVU, kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa nini si mapema zaidi? Maambukizi mengi ya HPV huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka miwili, na kuwapima mabinti kungewatia hofu wengi bure.

Chanya ikitoka, njia ya uthibitisho huanza na kolposkopia: daktari hutazama mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza na kutafuta sehemu yenye mashaka. Lakini macho hayatoi hukumu. Hukumu iko kwenye kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara, ambako mabadiliko ya seli ambayo bado si saratani hupangwa katika madaraja ya CIN 1, 2 au 3, kuanzia dogo hadi kubwa. CIN 1 mara nyingi hupotea yenyewe. CIN 2 na 3 kwa kawaida hutibiwa, kwa kugandisha, kuunguza kwa joto, au kukata kwa waya wa umeme. Pale maabara ilipo mbali, wengine huruka hatua hii na kutibu mara baada ya uchunguzi. Baadhi hutibiwa bila sababu, lakini naona ni afadhali kuliko kumwacha mwanamke aondoke asirudi tena.

Kosa baya zaidi ni la upande wa pili. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, hupimwa Pap, majibu yakawa safi, akarudishwa nyumbani. Kwenye kidonda cha saratani, damu na seli zilizokufa zinaweza kuficha seli zenyewe zinazotafutwa. Huyu amekwisha kupita hatua ya uchunguzi: atazamwe kwa spekulamu, kifaa cha kupanua uke, na kinachoonekana kuwa kidonda au uvimbe kikatwe kinyama, hata kama Pap yake ni safi.