Kubalansi ikwesheni za kemia na stoikiometria ni nini hasa

Muulize mtu yeyote aliyeikimbia kemia shuleni alikwamia wapi, wengi watakwambia kwenye kubalansi ikwesheni na mahesabu ya moli, na mimi naamini shida ni kwamba tulikaririshwa hatua kabla hatujaambiwa kinachohesabiwa ni nini. Kinachohesabiwa ni atomu, zile chembe ndogo sana zinazounda kila kitu. Vitu vikiungua au vikichanganyika atomu haifi wala haizaliwi, zinaachana na kushikana upya tu, kwahiyo ulizoingiza ndo hizohizo utakazozikuta upande wa pili, na kubalansi ikwesheni ni kuhakikisha idadi yake inalingana pande zote mbili za mshale. Mfaransa Lavoisier aliliandika hili mwaka 1789 baada ya kupimapima sana kwenye mizani, vitu kabla na vitu baada, na uzito ukawa haupungui.

Tuchukue gesi ya kupikia. Kwenye mtungi kuna propani na butani zimechanganywa, tuanze na propani, C3H8, yaani molekuli moja (kundi la atomu zilizoshikana) ina kaboni 3 na haidrojeni 8. Ikiungua vizuri na oksijeni inatoa kaboni dioksaidi na maji:

C3H8 + O2 → CO2 + H2O

Hapo bado, kwasababu kushoto kaboni ni 3 kulia ni 1, mbili zimeenda wapi? Weka 3 mbele ya CO2. Haidrojeni ziko 8 na kila maji yanabeba 2, basi maji yawe 4. Oksijeni iache mwisho maana iko peke yake na haisumbui mtu: kulia sasa kuna 6 kwenye CO2 na 4 kwenye maji, jumla 10, na zinakuja mbilimbili kwahiyo O2 ziwe 5.

C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndo watu wanapoteza maksi. Namba unayoruhusiwa kuigusa ni ya mbele tu, ile ndogo ya chini usiiguse hata kama inakushawishi. Ya mbele inasema molekuli ziko ngapi, ya chini inasema hicho kitu ni kitu gani. CO2 ni gesi iliyomo kwenye hewa unayoitoa puani kila ukipumua na iko kwenye soda, ukiifuta hiyo 2 ndogo inabaki CO, kaboni monoksaidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani wamefunga madirisha. Sio kwamba umebalansi, umeandika sumu.

Haya, stoikiometria. Jina linatisha bure, alilibuni Mjerumani Richter mwaka 1792 kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya elementi na kipimo, na kazi yake ni kukwambia ukiwa na kiasi hiki cha kitu A unahitaji kiasi gani cha kitu B na utapata nini. Ila molekuli huwezi kuzihesabu mojamoja kwahiyo tunahesabu kwa moli. Wauza kanga wanajua korija, korija ni vipande 20 basi, iwe ya kanga iwe ya vitambaa vya mkononi idadi ni ileile ila ukiziweka kwenye mizani uzito hauwezi kulingana. Moli nayo ni idadi tu, 602 halafu sifuri 21 nyuma yake kwa makadirio, na moli ya kila kitu ina uzito wake. Kaboni ni gramu 12, haidrojeni 1, oksijeni 16.

Kwahiyo moli moja ya propani ni 3×12 + 8 = gramu 44. Oksijeni, O2, ni 2×16 = 32, kwahiyo 5×32 = 160. Kulia CO2 ni 12 + 32 = 44, kwahiyo 3×44 = 132, na maji ni 2 + 16 = 18, kwahiyo 4×18 = 72. Jumlisha: kushoto 204, kulia 204. Yani mimi hapa huwa nafurahi kila nikiifanya.

Na ona zile namba 1, 5, 3, 4 sio gramu, ni moli, ukizichukua kama gramu kila kitu kinaharibika. Gramu 44 zinatoa 132, mara tatu kamili, kwahiyo mtungi wa kilo 6 ukiuchukulia wote ni propani unatoa kilo 18 za kaboni dioksaidi na karibu kilo 10 za maji. Ndo maana ukibandika sufuria ya baridi kwenye gesi inatoka jasho kwa nje mwanzoni, maji yale hayakumwagika, yametengenezwa pale kwenye moto.

Oksijeni yenyewe kwa kilo moja ya gesi inatakiwa kilo 3.6, na ukihesabu hewa nzima ni zaidi ya kilo 15. Isipotosha, oksijeni ndo inayoamua moto utafanya nini hata kama gesi imejaa mtungini, moto unageuka njano, sufuria inashika masizi, na ikwesheni inaweza kuwa hii:

2C3H8 + 7O2 → 6CO + 8H2O

Ihesabu mwenyewe, kaboni 6 kwa 6, haidrojeni 16 kwa 16, oksijeni 14 kwa 14. Imebalansi vizuri kabisa, ila kila propani imepata O2 tatu na nusu badala ya tano, na kinachotoka ni ile CO.