Ukuta wa pwani unaanza na kivuli

Karibu kila mteja anayenipigia kutoka Mbezi Beach, Masaki au Kigamboni akitaka "sebule ya kibahari" hunitumia picha zilezile: nanga ya mbao iliyopakwa bluu, mnara wa taa wa bati, usukani wa meli, na kibao chenye mshale wa kuonyesha njia ya ufukweni. Ufukwe wenyewe anauona dirishani. Kazi yangu ni kupamba kuta, na siku hizi sehemu kubwa ni sanaa yenye umbo, yaani vitu vinavyotokeza ukutani. Sina ugomvi na nanga. Ila nanga ile imekatwa kwenye ubao mwembamba, na ukiigongomea ukutani inakuwa stika tu, tena stika ya bei.

Mimi nasema kitu chenye umbo unakinunua kwa ajili ya kivuli chake. Rangi ni nyongeza. Wajenzi wa pwani hii walilijua hilo kabla ya umeme. Ingia kwenye nyumba ya zamani ya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja utazame vidaka vya ukutani: safu kwa safu za vishimo vilivyopangwa, kingo zake zikiwa za plasta iliyochongwa. Chokaa ni nyeupe juu ya nyeupe. Hakuna rangi hata tone, lakini pambo unaliona vizuri kabisa, kwa sababu kila ukingo umetupa kivuli chake. Kule Kilwa Kisiwani walichonga mapambo kwenye matumbawe, ambayo yakitoka tu baharini huwa laini na huchongeka, kisha hukauka na kuwa magumu. Na huhitaji kupanda basi kwenda mbali. Nenda magofu ya Kunduchi, hapahapa Dar es Salaam, uone makaburi ya nguzo ambamo bakuli za kauri za Kichina zilipachikwa ndani ya chokaa. Palipong'oka bakuli pamebaki shimo la duara, na jua la asubuhi likilipiga kwa ubavu, lile shimo ni pambo vilevile.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chunguza mwanga wa chumba chako. Ukuta unaotazamana na dirisha unapigwa na mwanga usoni, na mwanga wa usoni hufuta umbo. Ukuta ulio ubavuni mwa dirisha ndio mali, kwani mwanga unaupitia ukiuparaza, na hata kitu kilichotokeza sentimita 3 kinaonekana. Kwa nyumba nyingi za upande wetu wa bahari, dirisha kubwa linatazama mashariki, hivyo ukuta wa kaskazini au wa kusini mwa sebule ndio utakaofanya kazi asubuhi. Mchana jua linapanda utosini na chumba kizima kinapoa rangi. Usijilaumu, hapo hakuna cha kufanya.

Usiku ni habari nyingine, na ndiyo saa ambayo watu wengi wa mjini wako nyumbani. Zima taa zote, washa tochi ya simu, iweke karibu na ukuta kiasi cha shubiri moja, juu ya pale unapotaka kuweka kitu chako, na uielekeze chini. Mabonde yote ya plasta yatajitokeza. Kama ukuta umepinda, utajua leo kabla hujamlipa mtu. Kisha mwombe fundi umeme akuwekee spotilaiti darini, sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani, ya upande mmoja tu. Wateja hupenda kuweka mbili, kushoto na kulia, ili "ipendeze". Taa mbili zinafutiana vivuli na hela yako imekwenda. Chagua mwanga wa rangi ya joto, yaani wa manjano, Kelvini 2700 hadi 3000, na ukuta upakwe rangi isiyong'aa. Rangi ya kung'aa hurudisha mwanga machoni na kivuli kinapotea.

Sasa vitu vyenyewe. Ningeruhusiwa kuchagua kimoja tu kwa kila nyumba ya Dar es Salaam, ningechagua dema, ule mtego wa samaki.

Dema la kuvulia limesukwa kwa fito za mwanzi zilizopasuliwa, zikipishana pande tatu, ndiyo maana matundu yake yana pembe sita. Litundike mgongo wake ukiwa karibu na ukuta, kisha uwashe taa ya juu kushoto. Fito za mbele, zilizo mbali na ukuta, zinatupa mistari mipana yenye kingo zilizofifia. Fito za nyuma zinatupa mistari myembamba, mikali kama ya kalamu. Mistari hiyo inapokatana unaona matundu mengine madogo ambayo kwenye dema lenyewe hayapo. Tembea mbele yake kutoka mlangoni hadi kwenye kochi: fito zinateleza juu ya vivuli vyake na ukuta mzima unachezacheza. Hakuna picha ya kuchapishwa itakayokupa hilo.

Shida ya dema la kazi ni kina chake. Linatokeza mno, na kwenye korido litakugonga bega. Zungumza na msukaji akusukie lenye kina cha sentimita 20, upana autakao yeye. Wasukaji wazee wataanza kwa kukushangaa ("samaki gani ataingia humu?"), lakini mkono ni uleule na kazi inatoka safi. Ukipenda lililotumika, kwa kuwa rangi yake ya kijivu haiigiziki, liloweke kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, ubadilishe maji mpaka harufu iishe, kisha ulianike kivulini. Ukiona unga mweupe sakafuni chini yake baada ya wiki kadhaa, ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Kitu kidogo kama kawa au kikapu kifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobana na ukiweke kwenye friza kwa wiki nzima. Dema haliingii kwenye friza ya mtu. Hilo lipakwe dawa ya mbao nje ya nyumba.

Mbao za majahazi yaliyochakaa zinapendwa sana, na kwa haki. Zina mashimo ya misumari, vijia vya wadudu wa majini, na tabaka za rangi zilizopauka moja juu ya nyingine. Vipande vya mataruma, zile mbavu za chombo, vina mkunjo wa asili ambao seremala wa Keko hawezi kukutengenezea kwa bei ya kawaida. Vitatu vikipangwa kwa kupishana urefu vinatosha ukuta mzima. Lakini mbao iliyoishi baharini imejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ukiipiga skrubu ya kawaida, masika hayajaisha utaona michirizi ya rangi ya karoti ukutani. Isuuze kwa maji baridi mara nyingi, iache ikauke taratibu mbali na jua kali, na usiikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu ndani ya nyumba yenye watoto, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Mpingo wa Mwenge nao una nafasi yake. Kuna wachongaji wanaotoa samaki na mawimbi kwenye ubao badala ya kinyago cha kusimama. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, hivyo usiutundike kwa msumari wa kalenda. Na usiuweke mbele ya kiyoyozi. Hewa kavu ya AC mchana, unyevu wa bahari usiku madirisha yakifunguliwa, mti unajikunja na kujikunjua hadi unapasuka.

Kuna kazi moja ambayo watu hawaiombi, na sijui kwa nini: jipsamu. Mafundi wetu wa dari wana mkono mzuri mno, ila wateja wanawaagiza maua ya pembeni na duara la kuzunguka taa, basi. Mwambie fundi akutengenezee makunyanzi ya mchanga, yale yanayobaki ufukweni maji yakipwa. Anahitaji sanduku bapa lenye mchanga laini uliolowa. Makunyanzi unayachora kwa vidole na kipande cha ubao, kwa mistari isiyolingana. Ikilingana sana inakuwa bati la paa. Halafu jipsamu inamiminwa nyembamba, inatandazwa katani, inamiminwa tena. Katani ndiyo inayozuia kipande kisivunjike, ni ileile wanayotumia kwenye mikanda ya dari. Mchanga uwe wa ujenzi uliooshwa na maji yawe ya bomba. Ukichota mchanga na maji ya ufukwe wa Coco ili "iwe halisi", chumvi itaharakisha jipsamu kuganda kabla hujamaliza kuitandaza. Kikikauka, ukisugue kwa brashi ili punje za mchanga zilizonasa zitoke nusu, nusu zibaki. Usikipake rangi. Mwanga wa pembeni ukikipiga, mwenyewe utataka kukigusa.

Kipande cha mita moja kwa mita moja chenye unene wa sentimita 2 kinafika kilo 20 na kuendelea, na hapo ndipo tunarudi kwa ukuta wenyewe. Matofali mengi ya mjini yana mchanga mwingi kuliko saruji. Fundi ninayefanya naye kazi hutoboa tundu la kwanza, anatazama vumbi linalotoka, kisha ananigeukia.

"Dada, huu ukuta ni mkate."

Vumbi la rangi ya kijivu linalotoka kwa shida ni dalili njema. Likimwagika kama sukari, hamisha tundu, tumia skrubu ndefu zaidi, na ugawe uzito kwenye sehemu nne au tano. Kwa vitu vizito tunakata mbao mbili kwa mshazari wa nyuzi 45: moja inafungwa ukutani kwa pimamaji, nyingine nyuma ya kazi, na moja inaikalia nyingine. Faida ya pili ni kwamba kazi inakaa sentimita 2 au 3 mbali na ukuta. Hewa inapita, fangasi hawapati pa kujificha, na kivuli kinaongezeka bure.

Ukiona plasta inatoa unga wa chumvi na rangi inabanduka, usitundike kitu hapo kwanza. Unyevu unapanda kutoka chini, na hakuna sanaa itakayouficha kwa muda mrefu. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, nayo usiikubali kama ubao wa nyuma, inavimba kingo. Omba marini bodi, plaiwudi inayovumilia maji.

Kuhusu chuma, mafundi wa Gerezani watakukatia kundi la dagaa, mkunga, chochote, kutoka kwenye bati la pipa. Kazi nzuri. Mwambie apake praima ya zinki pande zote mbili kabla ya rangi, hasa kwenye kingo alizokata, kwani kutu huanzia hapo. Skrubu ziwe za chuma cha pua. Ipo ya namba 304, inayotosha sebuleni, na ipo ya 316, yenye molibdeni, inayovumilia chumvi zaidi; hiyo ndiyo ya barazani kama nyumba iko mstari wa kwanza wa bahari na upepo wa kusi unakupiga usoni. Shaba nyekundu naipenda kwa sababu inageuka kijani yenyewe, ila usiifunge kwa skrubu ya chuma cha kawaida; metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa.

Vipimo havina siri kubwa. Kitovu cha kazi kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 25. Kazi moja kubwa hushinda tisa ndogo, na wanaonipinga kwenye hili huwa hawajawahi kuzipangusa vumbi zote tisa.

Matumbawe, makombe makubwa na magamba ya kasa siweki, hata mteja akija navyo mkononi. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Kasa wote wako kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na matumbawe magumu kwenye ya pili. Mgeni wako akibeba zawadi hiyo uwanja wa ndege bila kibali, shughuli yake ni ndefu. Halafu yule konokono mkubwa wa baragumu, anayeuzwa akiwa amepakwa vanishi, kazi yake baharini ni kumla kiti cha pweza mwenye miiba anayemaliza matumbawe. Ukitaka umbo lake, mpe fundi jipsamu akunakilie kutoka kwenye picha. Akikosea kidogo ni vizuri zaidi.

Na wapangaji, ambao mwenye nyumba amewakataza kutoboa hata tundu la kalenda: nunueni ubao mmoja mpana wa kuegemeza, urefu wa mita moja na nusu hivi, muufunge kazi yenu, muusimamishe juu ya kabati la chini ukiegemea ukuta. Miguuni wekeni vipande vya mpira usiteleze. Taa ya mezani ikae sakafuni upande mmoja, ikielekea juu. Siku ya kuhama mnaubeba kama ulivyo, na sehemu iliyobaki ya kujadiliana na mwenye nyumba ni bili ya maji.