Kinyonga, pweza na ngozi ya kielektroniki: yanayosemwa na yalivyo

"Kinyonga hufuata rangi ya alipokaa." Sivyo. Mweke kinyonga wa shambani Pemba juu ya khanga nyekundu, hatakuwa mwekundu. Humgeuza joto, hofu, au dume mwenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionesha, kwa kinyonga wa Bukini (Madagaska), kwamba ngozini mna fuwele ndogo mno za guanini, kemikali itengenezwayo na mwili. Zikikaribiana huakisi buluu, nayo ikichanganyika na manjano ya ngozi tunaona kijani. Zikiachana, manjano na wekundu hutawala.

"Pweza naye ni vivyo hivyo." La. Pweza ana vifuko vya rangi vinavyovutwa na misuli, na amri hutoka ubongoni kwa neva, ndiyo maana hubadilika chini ya sekunde moja. Wanaochokoa pweza Jambiani bamvua likitoka wanaujua upesi huo.

"Ngozi ya kielektroniki imeiga fuwele za kinyonga." Hili ndilo kosa kubwa. Ngozi hiyo ni utando laini uliotengenezwa na watu, unaohisi mguso na kubadili rangi; ile ya Chuo Kikuu cha Stanford, ya 2015, ilichukua kwa kinyonga wazo tu. Sehemu yake ya kwanza ni kihisio: mpira wa silikoni wenye piramidi ndogondogo, uliopakwa mirija midogo mno ya kaboni. Ukiubonyeza, ncha za piramidi hubapa, eneo la kugusana huongezeka, na umeme hupita kwa wepesi zaidi. Mpira bapa haufai, kwa sababu hauna nafasi ya kutanukia na huchelewa kurudi. Utando wa kawaida wa shaba nao hupasuka ukivutwa. Mirija ya kaboni huteleza moja juu ya nyingine bila kuachana. Sehemu ya pili ni polima, aina ya plastiki, inayogeuka kutoka nyekundu hadi buluu volti zinapobadilika kwa mguso huo.

"Basi ni nguo ya kutoonekana." Hiyo ya Stanford haioni mazingira; hujibu mguso tu, na gizani huioni. Inayowaka ni ya Chuo Kikuu cha Cornell, ya 2016: mpira wenye unga wa salfaidi ya zinki, unaong'aa kwa umeme, kati ya tabaka mbili za haidrojeli (jeli yenye maji inayopitisha umeme), unaovutika zaidi ya mara 5 ya urefu wake. Haidrojeli ya maji matupu ingekauka, hivyo hutiwa kloridi ya lithiamu, chumvi inayoshika unyevu. Hatari yake ni volti kubwa za mkondo geu (umeme unaobadili mwelekeo kila mara): mpira ukivutwa huwa mwembamba, na palipobaki kiputo cha hewa ndipo umeme hutoboa. Viputo hunyonywa kwa pampu ya ombwe kabla mpira haujaganda.